Mboga za Uani Zimegoma: Tafuta Sababu Hapa

Juzi baada ya Alasiri kijana wa jirani alinijia na jani la mtungule, yaani mnyanya, mkononi, limekuwa njano kama limepakwa bizari.

"Shikamoo, mama. Hili dawa yake nini?"

"Marahaba. Umelichuma juu au chini?"

Akanitazama tu. Hakukumbuka. Nikamwambia arudi akaangalie, na akija tena aniletee na udongo, kiganja kimoja chatosha. Alinuna kidogo maana pesa ya dawa alikuwa keshaitenga.

Hivyo ndivyo tunavyoanza wengi. Mboga ikikunja uso, mbio dukani. Mwaka wangu wa kwanza na mimi nilipuliza sumu ya wadudu kwenye mibilingani ambayo shida yake ilikuwa kiu. Wadudu hawakuwapo. Waliokufa ni nyuki waliokuwa wanakuja kwenye maua ya maboga, na maboga nayo mwaka ule sikuyaona. Kwa hiyo hapa chini nimepanga dalili kama watu wanavyozisema wakija kuniuliza, na chini ya kila moja mambo ya kutazama kabla hujatoa hata shilingi.

Kwanza, bustani yako imekaa juu ya nini?

Visiwa hivi hubadilika udongo ndani ya mwendo mfupi. Magharibi ya Unguja na sehemu kubwa ya Pemba jembe linazama, udongo una kina. Ukienda Makunduchi, Jambiani, au Micheweni kule Pemba, jembe linagonga jiwe: hayo ni maweni, udongo mchache uliojaa kwenye mashimo ya jiwe la matumbawe. Ufukweni ni kichanga kitupu. Ushauri unaomfaa mwenye kinongo, ule udongo mwekundu wenye kina, unaweza kumharibia kabisa mwenye maweni.

Pima hivi. Chukua kijiko cha udongo mkavu, weka kwenye kisosi, umwagie siki. Ukitoa povu na kuchachatika kama soda, una chokaa nyingi ndani yake. Na usidhani ni watu wa pwani ya mashariki tu. Nyumba mpya mjini, kibustani kimebanwa na ukuta, chini kuna kifusi na saruji iliyomwagwa na mafundi: povu linatoka vilevile. Likumbuke povu hilo, tutalirudia.

"Wiki mbili sasa, hakuna kilichoota"

Fukua kwa kidole palipo na mbegu. Ukiikuta imevimba na kuoza, umeifukia mno au umeizamisha kwa maji. Ukiikuta kavu kama ulivyoiweka, maji yako yanalowesha vumbi la juu tu. Usipoikuta kabisa, mwizi ni sisimizi au kuku. Mbegu za mchicha ni ndogo mno na sisimizi wanazipenda. Nimewahi kukaa kwenye kibao nikawaona wanazibeba moja moja, mstari mmoja, mpaka kwenye ufa wa ukuta. Zichanganye na mchanga mkavu, zimwage asubuhi, zisugue kidogo na udongo, kisha utandaze makuti juu yake kwa siku tatu nne. Mchicha ukianza kuota, makuti yaondoke siku hiyohiyo.

Kina: mchicha juu juu tu, tungule nusu sentimita, bamia sentimita mbili. Mbegu ya bamia iloweke usiku mmoja, ganda lake gumu.

Yawezekana pia mbegu ilikuwa imekufa kabla hujainunua. Duka moja niliwahi kununua pakiti ya pilipili boga iliyokaa dirishani juani sijui miezi mingapi, na picha ya nje imeshapauka. Ilinipasa nijue. Siku hizi kabla ya kupanda nahesabu mbegu kumi, nazifunga kwenye kitambaa kibichi ndani ya mfuko wa plastiki, naweka jikoni. Baada ya siku saba mpaka kumi zikiota nane, sawa. Zikiota tatu, namwaga nyingi zaidi au nazitupa. Pilipili tu ndiyo uipe muda zaidi, ni mvivu kuamka.

"Miche ilikuwa mizuri, asubuhi nimeikuta imelala"

Inama uitazame shingo ya mche pale unapotoka ardhini.

Imekatwa kama kwa mkasi na kipande cha juu kimebaki pembeni? Ni sota, kiwavi mnene wa rangi ya udongo. Mchana hujificha hapohapo. Pekua udongo kwa kidole kuzunguka mche, sentimita mbili tatu kwenda chini, utamkuta amejikunja kama pete. Muue, kisha kila mche uvishe kola ya chupa ya maji iliyokatwa, izame kidogo ardhini.

Imesinyaa na kuwa nyembamba kama uzi, rangi ya kahawia? Ni kinyausi, ukungu wa kitaluni. Hauna tiba kwa mche ulioanguka. Punguza maji, punguza msongamano, ondoa kivuli kizito, na kitalu kijacho tumia udongo mwingine.

Mche umetoweka, na kuna njia inayong'aa kama mate yaliyokauka? Konokono. Baada ya mvua toka na tochi usiku uwaokote, wale wakubwa wa visiwani humaliza tuta zima. Vaa mfuko wa plastiki mkononi na unawe kwa sabuni ukimaliza, wanabeba vijidudu vinavyodhuru watu. Majani yanayoliwa mabichi yaoshe vizuri kwa sababu hiyohiyo.

"Majani yamekuwa ya njano"

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Majani ya njano yana sababu tano sita, na dawa ya moja huikuza nyingine.

Swali la kwanza ni lile nililomuuliza kijana: yameanza juu au chini?

Yakianza chini, majani makongwe yote njano sawasawa, mmea mwembamba, hauna haraka ya kukua: njaa. Kichangani ndiyo kawaida, kila ndoo ya maji unayomwaga inashuka na chakula. Mpe samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza vizuri, viganja viwili kwa mche, urudie kila baada ya wiki tatu. Mbolea ya kuku ina nguvu lakini mbichi inaunguza. Ilundike, iloweshe, ifunike, ikae miezi miwili au zaidi mpaka isinuke tena. Na machicha ya nazi usiyatupe kwenye shina ukidhani ni mbolea. Yanaita sisimizi, panya na kuku, na yakichacha yanapata moto. Peleka kwenye shimo la mboji, uyafukie.

Yakianza juu, majani machanga njano lakini mishipa yake imebaki kijani kama ramani ya mito, hiyo ni habari nyingine. Mmea umekosa madini ya chuma. Chuma kipo ardhini, ila chokaa imekifunga, mizizi haiwezi kukinywa. Hapa ndipo povu la siki linapokuja. Kijana alirudi jioni ileile: jani lilikuwa la juu, mishipa kijani, na udongo wake ulitoa povu mpaka likamwagika kisosini.

"Na shina unalitilia nini?" nikamuuliza.

"Jivu, mama. Kila wiki. Nimeona kwenye simu."

Jivu! Hili linaniuma kuliko konokono. Anayetoa ushauri ule pengine yuko kwenye milima ya bara ambako udongo una uchachu, na jivu linampunguzia uchachu huo. Kwenye maweni, au kando ya ukuta wenye kifusi, jivu ni chokaa juu ya chokaa. Unakaza kufuli ambalo tayari limefungwa. Mwenye kinongo chekundu kisichotoa povu, kiganja kimoja kwa msimu si neno. Mwengine asahau kabisa habari ya jivu. Na misumari yenye kutu wanayozika watu nayo haisaidii. Kutu kwenye udongo wa chokaa hakuyeyuki.

Linalosaidia ni mboji, na iwe nyingi: ndoo moja kwa kila hatua ya tuta, ichanganywe na udongo, si kunyunyizwa juu kama chumvi. Lakini kwa aliye juu ya jiwe hasa, nasema bila kuzunguka: acha kupigana na ardhi, panda kwenye mapolo, yaani magunia. Polo la mchele lililokwisha, chini weka makumbi yaliyopasuliwa yakushikie maji, juu udongo wa kuletwa nusu na samadi iliyooza nusu. Makumbi yasiwe yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba, yamejaa chumvi. Toboa polo chini na ubavuni. Kijana ameshapanda manne, na mitungule yake ya ukutani tumeing'oa ikaingia mbojini.

Majani ya chini njano, udongo unanuka kama dimbwi, mizizi myeusi na laini: maji mengi. Watu wenye bomba uani ndio wenye ugonjwa huu. Chomeka kidole mpaka fundo la pili. Kukiwa na unyevu, weka kopo chini.

Ncha na kingo za majani zimeungua kahawia, na juu ya udongo kuna utando mweupe: chumvi. Onja maji ya kisima chako, ulimi wako ni kipimo kizuri. Vijiji vingi vya pwani kisima hukolea chumvi kiangazi. Maharage na pilipili boga ndiyo ya mwanzo kulalamika. Spinachi huvumilia, na mchicha kiasi. Kinga maji ya paa wakati wa mvua, na ukilazimika kutumia ya kisima, mara mojamoja mwaga mengi kwa pamoja yashushe chumvi chini, kuliko vikombe vidogo kila siku vinavyoiacha juu. Maji ya kuoshea samaki wa chumvi yasifike bustanini. Mwani uliotupwa na bahari ni mbolea nzuri, ila uache kwanza upigwe na mvua au uusuuze.

Majani yana mabaka ya njano na kijani, yamekunjamana, mmea umedumaa? Batobato. Ni virusi, hauponi. Ng'oa uufukie mbali, halafu tafuta vidukari na inzi weupe chini ya majani ya jirani zake, ndio wanaobeba.

"Unanyauka na maji naupa"

Utazame mara mbili kwa siku: saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, mboga nyingi zenye majani mapana hulegea mchana na jioni zikasimama. Huko ni kujihami na jua. Tandaza majani makavu kwenye shina, weka kivuli cha makuti upande wa magharibi, basi.

Ukiwa haujasimama jioni, ng'oa mmoja uone mizizi. Mizizi yenye vinundu kama tangawizi ndogo ni minyoo fundo, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, na wanapenda mno kichanga. Mwenye kunde asitishike: kunde zina vinundu vyake vya heri. Tofauti ni kwamba cha kunde kimebandikwa pembeni ya mzizi, ukikisugua kinabanduka, na ukikipasua ndani ni chekundu chekundu. Cha minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, hakitoki. Ukikuta hivyo, tuta hilo lisipandwe tungule, bamia wala bilingani kwa muda. Lipigwe jua, lijazwe samadi na mboji, na mizizi mibovu ichomwe.

Kama mizizi ni safi na mmea umenyauka ghafla majani yakiwa bado kijani, fanya jaribio la gilasi. Kata shina karibu na ardhi, kipande cha kama kidole, kifute. Jaza maji safi kwenye gilasi, kishike kipande ncha yake iliyokatwa iguse maji, kitulie. Ndani ya dakika chache, ukiona uzi mweupe kama tui unashuka polepole kutoka kwenye shina, ni mnyauko wa bakteria. Niliuona mara ya kwanza dirishani jikoni kwangu, na wallahi uzi ule unapendeza mpaka ukumbuke maana yake. Hakuna dawa. Ng'oa pamoja na udongo wa mizizi, choma, osha jembe na viatu, na mahali hapo pasionje tungule, bilingani, pilipili wala mbatata kwa miaka kadhaa. Panda mchicha au mahindi. Tungule zihamie kwenye mapolo.

"Majani yana matundu, au yamejikunja"

Hapa sitakaa sana. Matundu machache ni ya wenzetu nao wale. Kama mchicha umefumwa utando na ndani kuna viwavi vya kijani, chuma majani hayo ubonyeze kwa vidole. Jani la bamia likijisokota kama sigara, mfunue, mwenyewe yumo ndani. Mistari myeupe ya kupindapinda ndani ya majani makongwe ya tungule iache; ikiwa mabaka mapana na matunda nayo yametobolewa, huyo ni kantangaze, chuma kila jani lililoathirika mapema na ulifunge kwenye mfuko.

Sisimizi wakipanda na kushuka kwenye mmea wako kwa bidii, fuata safari yao. Hawali mmea, wanachunga vidukari na kulamba utamu wao. Geuza jani. Kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja, kipulize chini ya majani jioni, urudie baada ya siku nne. Jaribu jani moja kwanza. Majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha husaidia pia, ila yachuje vizuri, pampu ikiziba utaichukia kazi yote.

"Maua yapo, matunda hapana"

Tungule hupukutisha maua usiku ukiwa na joto, na usiku wa Februari hapa kwetu unaujua mwenyewe, feni yenyewe haitoshi. Huna la kufanya ila kungoja. Mmea wenye majani mengi ya kijani kizito na maua mawili umeshibishwa mbolea ya kuku kupita kiasi, acha kuilisha. Mmea mrefu mwembamba uliolalia upande mmoja unatafuta jua. Mboga za matunda zataka saa sita za jua, na chini ya mshelisheli au mikarafuu hazizipati. Huko panda mchaichai, au usipande kitu ukae wewe na mkeka wako.

Maboga na matango yana maua dume na jike. Dume hutangulia, na watu hulia kuwa maua yote yameanguka: yale ni kazi yake kuanguka. Jike lina kijitunda nyuma ya ua. Vikisinyaa, nyuki hawafiki. Saa moja asubuhi chuma ua dume, libandue petali zake, lisugue katikati ya ua jike. Kabla ya saa tatu, baadaye hujifunga. Wajukuu zangu wanaigombania kazi hii.

"Tunda limeoza kabla halijaiva"

Tungule yenye kitako cheusi, kikavu, kilichobonyea: si ugonjwa wa kuambukiza. Mmea umekosa kalsiamu kwenye tunda, na hata aliye juu ya maweni, palipojaa kalsiamu, hukuta hili, kwa sababu maji ndiyo yanayoibeba. Leo umemwaga ndoo mbili, kisha siku nne umesahau. Mwagia kidogo kwa ratiba, tandaza majani, matunda yajayo yatakuwa mazima.

Tango au boga lenye kidonda kama cha sindano, ndani funza weupe: inzi wa matunda. Kijitunda kikianza tu, kivishe mfuko wa gazeti. Vilivyoanguka usivitupe mbojini, vifunge kwenye mfuko wa plastiki uuache juani wiki nzima.

Kuku, kunguru na kima

Nyavu kuukuu za wavuvi zinatosha kwa kuku na kunguru. Ziinue juu ya miche kwa vijiti, zisilale juu yake. Kunguru ni werevu. Kanda zinazomeremeta watazizoea ndani ya wiki. Kima sina jibu lao. Jirani yangu wa shamba amepanda pilipili mbuzi kuzunguka bustani yake, na wao wanapita katikati.

"Mvua imekuja, kila kitu kimelala"

Ukiwa umepanda tungule Machi ukangoja masika, majani yatapata mabaka meusi kuanzia chini, na wiki mbili tu baadaye shina litabaki tupu. Mvua ikirusha matope kwenye majani, ukungu unapanda nayo. Aprili na Mei nawaachia bamia, matembele na mchicha kwenye matuta yaliyoinuliwa shubiri moja na mifereji pembeni. Kitalu cha tungule nakiweka mwishoni mwa Mei barazani, chini ya paa. Baada ya wiki nne naihamisha miche jioni, hatua ndogo kati ya mmoja na mwenziwe, na kila mmoja nauchomekea kijiti chake siku hiyohiyo, maana ukingoja mwezi mzima utakuwa unachoma mizizi.

Kijana ameshaniomba miche kumi. Nimemwambia alete polo la tano.